Bibi Harusi Asiyeonekana Kwenye Kompyuta

Harusi ilikuwa Jumamosi, leo yenyewe ni Jumatano, na kompyuta ya parokia ilikuwa imeng'ang'ania kwamba Rosemary hajabatizwa maishani mwake.

"Jina lako halimo, dada," alisema Wilfred, karani wa parokia. "Ngoja nijaribu kigango kingine."

Milango ya nchi ilikuwa imefunguliwa, mitumba inaingia ya kila aina, na parokia nayo ikapewa kompyuta iliyochokwa Ulaya. Lakini makatekista wa Songea, wanaoongoza vigango, yale makanisa madogo ya parokia, si watu wa kuchezewa. Kila mmoja alikataa katakata waumini wake kuchanganywa na wa mwenzake. Basi Wilfred akakipa kila kigango jedwali lake, yote yamefanana kama sare za shule: jina, wazazi, tarehe, maelezo. Kumtafuta mtu ikawa ni kufungua moja, hayumo, kufunga, kufungua jingine.

Rosemary alikuwa anatokwa jasho. Bila cheti cha ubatizo, Padre Fransisko hafungishi ndoa, hata umlilie. Na huko nyumbani Mfaranyaki pombe ya komoni ilikuwa imeshaanza kuumuka, na suti ya mchumba wake, Calvin, ilikuwa ya kuazima, mwenye suti anaitaka Jumapili.

Kwenye benchi walikaa bibi wawili wa Rosemary waliomlea kwa zamu: Bibi Klementina, mama wa baba, na Bibi Lidwina, mama wa marehemu mama. Katikati yao waliacha nafasi ya mtu wa tatu. Hao hawakuwahi kupatana hata juu ya chumvi ya mboga.

Bibi Klementina akakohoa, akamtazama Wilfred. "Baba, hebu tafuta Klementina. Kigango cha kwetu."

Alikuwemo. Baba Longino, mama Dorine: wazazi wa Rosemary.

"Nilimpeleka mwenyewe," alisema bibi, akijikausha. "Mtoto wa mwanangu angeitwa nani tena?"

"Mwizi mkubwa we!" Bibi Lidwina aliruka. "Karani, tafuta Lidwina. Kigango cha kwetu!"

Naye alikuwemo. Wazazi wale wale.

Rosemary akashika kiuno. "Na hilo la Rosemary limetoka wapi?"

"Baba yako alilitoa kwenye kalenda, siku ya kukuandikisha shule," walijibu wote wawili kwa pamoja, kisha wakatazamana kwa hasira.

Kelele zikamtoa Padre Fransisko ofisini kwake. Hata shikamoo hakuziitikia. Alipoelezwa, akashika kichwa. "Ubatizo ni mara moja tu! Ule wa kwanza ndio wenye jina. Wilfred, acha kuhangaika na jina la mtoto. Tafuta kwa majina ya wazazi, majedwali yote kwa mpigo, anza na tarehe ya zamani."

"Makatekista watanimeza, Padre."

"Watanimeza mimi kwanza. Yaunganishe."

Wilfred akaandika amri yake ndefu, akiyataja majedwali moja baada ya jingine. Kompyuta ikaunguruma. Bibi wote wawili walisimama, kila mmoja ana hakika alimwahi mwenzake.

Ikatoka mistari mitatu. Wa juu kabisa ulitoka kwenye jedwali ambalo hakuna aliyelikumbuka, la kigango cha hospitali. Wilfred akausoma taratibu.

"Yasinta. Amebatizwa na muuguzi wodini, siku aliyozaliwa. Maelezo: hali ya mtoto mbaya. Jina limechaguliwa na mama."

Dorine alikufa kesho yake. Rosemary hakuwa na chochote cha mama yake, hata picha. Kumbe aliachiwa jina, na miaka yote hiyo hakuna aliyemwita kwa jina hilo. Machozi yakamtoka palepale, wala hakuyafuta.

"Basi," alisema Padre kwa sauti ya chini. "Andika cheti: Yasinta. Jumamosi iko palepale."

Rosemary alipaswa kushukuru. Badala yake akawageukia bibi zake.

"Mama alikuwa na nani siku hiyo?"

Bibi Lidwina akatazama sakafu. "Baba yako alikuwa Namtumbo, kwenye tumbaku. Sisi tulikuwepo."

"Wodini?"

"Nje ya wodi."

"Mlikuwa mnafanya nini huko nje?"

Ni Bibi Klementina aliyejibu, kwa sauti ambayo mjukuu wake hakuwahi kuisikia.

"Tunagombania jina lako, mwanangu."