Kadi ya Dakika Kumi

Kompyuta ilikuwa juu ya meza ya kupigia pasi, kwa sababu hiyo ndiyo meza pekee mle ndani iliyoweza kupandishwa na kushushwa. Nyuma ya kiti mama mdogo alitundika shuka jeupe ili watu wasione kabati lililong'oka mlango. Baba mdogo alifungiwa jikoni na kupewa masharti: asioshe vyombo, asifungue bomba, asikohoe.

"Na kupumua je?" aliuliza kutoka upande wa pili wa mlango.

"Pumua kwa pua," mama mdogo akamjibu.

Kimya hakucheka. Alikaa mbele ya kompyuta, mikono ameibana katikati ya magoti.

Jina la Kimya alipewa na mafundi kazini, kwa utani, maana kazi yake ni kuongea kutwa nzima. Alikuwa mpokea simu wa kampuni ya kutengeneza lifti. Mtu akikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, akabonyeza kitufe chekundu, sauti inayomjibu ni ya Kimya, na haimwachi mpaka fundi afike. Mafundi walisema huyu binti anajua kunyamaza kwenye simu kuliko wenzake wanavyojua kusema.

Mama mdogo alikuwa mshauri wa mawasiliano ya kazini. Alifundisha kwa intaneti: namna ya kujibu kwenye usaili, namna ya kuandika barua ya ofisi, namna ya kusimama mbele ya kikao bila kushikashika sikio. Wateja wake walikuwa mmoja mmoja, wa kuokoteza, mpaka bosi wa Kimya alipokubali awafundishe wapokea simu wa matawi yake yote, masomo sita. Leo lilikuwa la kwanza, na bosi alitoa sharti kwamba nusu yake aitoe Kimya mwenyewe.

"Nikiona anaweza," alisema, "nitampa wapokea simu wageni wa tawi jipya awafundishe. Cheti sitamwuliza."

Cheti alichonacho Kimya ni cha darasa la saba, amekihifadhi kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro. Nafasi kama ile hakuna mwenye cheti cha namna hiyo aliyewahi kuikaribia. Kwa hiyo kulikuwa na riziki mbili juu ya ile meza ya pasi, yake na ya mama mdogo, na zote zilingoja mdomo wake.

Tatizo lilikuwa slaidi ya tano. Iliandikwa: *Mpe mteja muda kamili. Sema: fundi atafika baada ya dakika kumi.* Mama mdogo aliyanakili maneno hayo kutoka kwenye kadi ambayo bosi ameibandika kwenye kila meza ya simu.

"Hii tuiruke," Kimya alikuwa amemwambia asubuhi.

"Tuiruke kwa nini? Ni maneno ya bosi mwenyewe. Atakaa pale ayangoje."

"Si ya kweli, mama mdogo."

"Mwanangu, isome tu ipite. Sekunde tano."

Somo lilianza. Mama mdogo aliongea kwanza, vizuri, sauti ya kumwaga asali, kisha akampisha kiti. Nyuso zilizokuwa kwenye kioo zikazimika moja baada ya nyingine, watu wakifunga kamera zao, vikabaki vijisanduku vyeusi thelathini na moja. Kimoja kiliandikwa *Ofisi Kuu*. Huyo ndiye bosi.

Kimya akasoma slaidi ya kwanza. Akasoma ya pili. Maneno makubwa ya mama mdogo yalimkwama kama viatu vya kuazima. Pembeni ya kompyuta mama mdogo alikuwa akivuta ncha za midomo yake kwa vidole, maana yake tabasamu. Kimya akatabasamu, akahisi mashavu yanamcheza. Ya tatu. Ya nne.

Ya tano ilipotokea, akanyamaza.

Alinyamaza mpaka mama mdogo akainama kuukagua waya wa intaneti. Jikoni baba mdogo alikohoa mara moja, akajizuia.

"Hii siwezi kuwafundisha," Kimya akasema.

Mama mdogo aliinuka polepole, waya mkononi.

"Miezi minane iliyopita kulikuwa na dobi," Kimya akaendelea, ulimi mzito. "Alikuwa amekwama na suti ya bwana harusi begani. Akaniuliza, mpaka lini? Nikaitazama kadi, nikamwambia dakika kumi. Fundi alikuwa hajatoka hata karakana. Dakika ya kumi na moja akaniambia, dada, ulisema kumi. Ya ishirini akaacha kunijibu. Nikawa nasikia kucha zake mlangoni. Fundi alifika baada ya saa moja na robo, akamkuta ameuchokonoa mlango kwa vidole. Kucha mbili zilikuwa zimeng'oka. Tangu siku hiyo kadi yangu naifunika kwa kikombe."

Kijisanduku kimoja kikawaka kijani, ikasikika sauti ya mwanamke mwenye mafua.

"Sasa dada, akiuliza mpaka lini, tumwambie nini? Maana lazima atauliza."

Swali hilo Kimya alilijua. Mabega yakamshuka kidogo.

"Mwambie unachokijua. Fundi ametoka, au hajatoka. Mwambie nikipata habari nitakuambia, na nisipopata nitakuambia kwamba sijapata. Halafu kaa naye."

"Na maneno yakiniishia?"

"Mwulize alikuwa anakwenda ghorofa ya ngapi. Hapo ataanza kukueleza anamfuata nani huko, na wameudhiana nini. Utachoka wewe kabla yake."

Mtu akacheka mahali fulani. Kisha *Ofisi Kuu* ikawaka kijani, na kicheko kikakatika.

"Huyo dobi," sauti ya bosi ikasema. "Kwenye daftari la simu uliandika nini?"

"Niliandika mteja ametolewa salama."

"Ilikuwa kweli?"

"Hapana, bosi."

"Endeleeni na somo," bosi akasema, na kijisanduku chake kikatoweka.

Mama mdogo alilimalizia somo mwenyewe. Kompyuta ilipozimwa, baba mdogo akatoka jikoni.

"Saa nzima napumua kwa pua kama farasi. Imekwendaje?"

Mama mdogo alikuwa akilikunja shuka, pembe kwa pembe.

"Ungeniambia habari ya dobi," akasema.

"Ungeniambia niisome tu ipite."

"Ningekuambia hivyo," mama mdogo akakiri.

Kesho yake asubuhi Kimya aliingia kazini. Kwenye meza yake kikombe kilikuwa kimesogezwa, na kadi haikuwapo. Palibaki alama mbili za gundi, tayari zimeshika vumbi. Akatazama meza tatu za wenzake. Nazo hazikuwa na kadi.

Bosi alisimama mlangoni, kadi nne mkononi, ukucha wake wa gumba umechakaa kwa kubandua.

"Nimempigia yule dobi, namba yake iko kwenye daftari," akasema. "Nimemwomba radhi. Kadi nilibandika mimi. Ameniuliza kama yule dada bado yupo kazini."

"Ukamwambia nini?"

"Nimemwambia leo yupo. Daftari utalirekebisha, uandike ilivyokuwa. Na mwambie mama yako mdogo somo la pili liko palepale, ila slaidi anioneshe kwanza."

Lililobaki ilimbidi Kimya aulize mwenyewe.

"Na wale wageni wa tawi jipya, bosi?"

"Uliandika uongo kwenye daftari langu. Na jana umesema kweli mbele ya watu wangu wote. Sijaamua." Akazitia kadi mfukoni. "Nikiamua nitakuambia. Nisipoamua, Ijumaa nitakuja kukuambia kwamba sijaamua."

Akaenda zake. Ijumaa ilikuwa mbali. Kimya alifungua daftari, akarudi nyuma miezi minane, akautafuta mstari wake. Alikuwa ameshika kalamu juu ya neno *salama* taa nyekundu ya simu ilipowaka.

Akainua simu.

"Nakusikia," akasema. "Fundi hajatoka bado, ndiyo namwita sasa hivi. Ulikuwa unakwenda ghorofa ya ngapi?"