Dakika Kumi na Moja za Ukimya

Siku moja kabla ya maonyesho, mkalimani alipitia karakanani kwa baba yake kumpelekea kadi ya mwaliko. Mzee alikuwa fundi makochi, kiziwi tangu akiwa na miaka mitatu. Akiwa kazini hubana misumari midomoni na kuinamisha kichwa, kwa hiyo anayemtaka inambidi agonge sakafu kwa mguu mpaka mtikisiko umfikie. Mkalimani akagonga mara mbili. Mzee akainua uso, akatema misumari kiganjani, akamwita bintiye kwa jina lake la alama: kidole cha shahada shavuni, pale penye kishimo.

"Kesho una kazi?" mikono ya mzee iliuliza.

"Nina kazi, na wewe una kiti," naye akajibu kwa mikono. "Mstari wa mbele. Kampuni ya mashine za gemu inazindua mashine mpya. Wameomba watu kumi na wawili kutoka chama cha viziwi."

Mzee aliigeuzageuza kadi kama anayetafuta kasoro kwenye kitambaa. Gemu hazikuwa ngeni kwake. Kila Jumapili mchana yeye na jirani yake kinyozi walicheza mpira kwenye runinga, na kinyozi huyo, ambaye hata kusalimia kwa alama alikuwa hajui vizuri, zile za kumtania aliyefungwa alikuwa nazo zote kichwani.

"Kuna nini cha kiziwi hapo?"

"Padi," bintiye alimweleza. Kile kidude cha kushika mikononi, chenye vitufe, safari hii kinatetemeka kwa namna nyingi. Mvua ina mtetemo wake, kokoto zina wake, na hatua za mtu zina wake.

"Tutaona," alisema mzee, akairudisha misumari mdomoni.

Kesho yake alasiri ukumbi ulifurika. Watu kama elfu mbili hivi, waandishi wa habari wamejipanga pembeni na kompyuta zao mapajani, na wengine tayari wameshaanza kuandika kabla hawajaona kitu. Mkalimani alisimama jukwaani, hatua tatu kutoka kwa mhandisi mkuu wa kampuni, na picha yake ikaonyeshwa kwenye kona ya skrini kubwa. Mhandisi alikuwa mtu mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi upande mmoja vizuri kuliko wa pili. Miaka sita alikuwa ameimalizia kwenye mashine ile. Kabla ya kuanza alimnong'oneza mkalimani, "Dada, nikikimbia nishike shati."

Hakukimbia. Alianza vizuri, akataja uzito, akataja kasi, akaanza kuonyesha filamu ya gemu yenyewe. Ndipo spika zikakohoa mara moja, zikafa. Maiki nayo ikafa. Filamu ikaendelea kwenye skrini bila sauti: mtu anatembea msituni, mvua inanyesha, midomo inacheza, hakuna kinachosikika.

Mafundi wa sauti wakakimbia huku na huku. Watu wakaanza kuguna. Mhandisi alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: akaendelea kuongea, kwa sauti yake ya kawaida, sauti ambayo haikufika hata safu ya kwanza.

Lakini mkalimani, hatua tatu tu kutoka pale, alimsikia neno kwa neno. Na kazi ya mkalimani si kuuliza kama maiki inafanya kazi. Mikono yake haikusimama.

"Mke wangu analalamika kwamba mashine hii naijua kuliko watoto wangu," mhandisi alisema. "Si ajabu. Mashine ina vitufe kumi na vinne. Watoto hawana hata kimoja, hasa cha kuzimia."

Viziwi kumi na wawili wakacheka kwa pamoja. Fundi makochi alicheka kile kicheko chake kikubwa kisicho na breki, kwa kuwa hakuwahi kukisikia akajifunza kukipunguza. Ukumbi mzima ukageuka kuwatazama. Mama mmoja safu ya pili akamgusa begani kiziwi aliyekaa mbele yake, akaonyesha kwa uso na mabega: amesema nini? Kiziwi yule akainua kiganja, yaani subiri, maana mhandisi alikuwa bado anaendelea na yeye hakutaka kupitwa.

Ilikuwa hivyo kwa dakika kumi na moja. Sauti iliporudi, maelezo yalikuwa yamefika ukingoni na theluthi ya viti ilikuwa tupu.

Jioni haijaingia, hukumu zikaanza kumiminika. Gazeti moja liliipa shughuli ile alama tatu kwa kumi. Mtangazaji mmoja alisema ameona misiba iliyochangamka zaidi. Mkalimani alizisoma kwenye simu akiwa kituo cha basi, na moyo ukamuuma kwa ajili ya yule mhandisi, ingawa kwa kanuni za kazi yake moyo haukuhusika.

Simu ikaita. Alikuwa meneja wa uhusiano wa kampuni, mwanamke aliyezoea kuongea kwa haraka, lakini sasa aliongea taratibu.

"Dada, wale waliokuwa wanacheka. Yule mzee wa shati la kijani ni nani?"

"Ni baba yangu."

"Kesho saa nne tunakaa kupima kama tulifaulu au tulianguka. Unaweza kuja naye?"

Mkalimani alisita. Kanuni inasema usimtafsirie ndugu yako. Alimtafuta mwenzake wa kumshika mkono, akaambiwa yuko safarini. Alipomweleza baba yake, mzee alipandisha mabega. "Mwenzako hazijui alama zangu za nyumbani," mikono yake ilisema. "Wewe ndiye unayezijua. Sema ninachosema, usinipambe."

Chumba cha mkutano kilikuwa na meza ndefu na viti vya magurudumu. Walikuwapo meneja, mhandisi ambaye macho yake yalionyesha hakulala, na mkurugenzi, mtu wa miwani aliyekuwa na karatasi za magazeti mbele yake. Fundi makochi kabla ya kukaa alibonyeza kiti kwa kidole gumba, akakunja uso, kisha akakaa.

"Nitaongea kwa 'mimi'," mkalimani aliwaeleza. "Nikisema mimi, ni yeye anayesema. Mimi mwenyewe simo."

Meneja ndiye aliyefungua. Alisema wengi wanashauri wafunike kombe mwanaharamu apite: watoe taarifa kwamba ni hitilafu ndogo, na waonyeshe picha za wale waliokuwa wanacheka. "Tuseme tulifaulu kwa namna yake."

Mkurugenzi akamgeukia mgeni. "Mzee wangu, tuambie. Ilifaulu au haikufaulu?"

Mikono ya fundi makochi ikainuka. Mkalimani akaanza kusema kwa sauti, akimfuata.

"Mlitaka watu elfu mbili wasikie. Hawakusikia. Mlianguka, msipakane mafuta kwa mgongo wa chupa. Na picha yangu msiiweke. Mimi sikucheka ili muuze."

Meneja aliinamisha kichwa. Mhandisi alitikisa chake polepole, kama mtu anayekubali hukumu aliyokuwa ameshajipa.

"Lakini nami nina langu," mkalimani aliendelea, maana mikono ilikuwa imeendelea. "Nina miaka sitini na sita. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuambiwa baadaye. Harusini watu wanacheka, nauliza kuna nini, naambiwa nitakwambia baadaye. Msibani hivyo hivyo. Hospitali daktari anaongea na ukuta, mimi naambiwa baadaye. Hata shuleni..."

Hapo mkalimani aliacha kutafsiri. Alama iliyofuata ilikuwa kidole cha shahada shavuni.

Mkalimani aliijua habari inayokuja. Alikuwa na miaka kumi, siku ya wazazi. Mwalimu alisimama kumzungumzia yeye mbele ya wazazi wote, na kazi ya kumtafsiria baba ilikuwa yake, kama siku zote. Alipoinua mikono, wenzake wa nyuma wakaanza kumuiga na kucheka. Akaingiza mikono mfukoni. Baba alipomgusa kumuuliza mwalimu anasema nini, alimjibu kwa midomo tu: nitakwambia baadaye. Watu wakapiga makofi. Baba naye akapiga makofi, anatabasamu, hajui anapigia nini. Hiyo baadaye haikufika, na hawakuwahi kuitaja tena.

Angeweza kuliruka neno lile. Chumba kizima hakuna ambaye angejua. Mzee alimkazia macho, akairudia alama bila haraka.

"Hata shuleni kwa binti yangu," alisema mkalimani. "Huyu anayeongea. Alikuwa mdogo, wenzake walimcheka, akaficha mikono. Niliona. Sikumlaumu siku ile wala leo simlaumu. Niliyemlaumu ni mimi mwenyewe, kwa kumbebesha mtoto mzigo wa kuwa masikio yangu halafu nikategemea asichoke."

Mkurugenzi alikuwa amevua miwani. Hakuna aliyemtazama mkalimani usoni, na kwa hilo aliwashukuru kimoyomoyo.

"Basi juzi... samahani, jana," alijirekebisha, kwani alikuwa ameisoma vibaya alama ya baba yake. "Jana kwa mara ya kwanza nilikuwa wa kwanza kujua. Watu elfu mbili wenye masikio yao walikuwa wananitazama mimi niwaambie. Mama mmoja aliuliza, na rafiki yangu akamwambia subiri. Tumecheka mpaka leo asubuhi. Kwangu ilifaulu. Lakini kwangu si kwenu, msichanganye."

Kisha mzee alimgeukia mhandisi. "Maiki ilikufa. Kwa nini hukunyamaza?"

Mhandisi alifikiri. "Nilitaka kushuka," alisema, na mkalimani sasa akawa anatafsiri kwa mikono. "Mguu mmoja ulikuwa umeshageuka. Nikakuona wewe, mzee, umekodoa macho, unangoja niendelee. Nikaona haya kukuacha njiani."

Wazee kwa vijana wanajuana kwa namna nyingi. Hawa wawili walitazamana, mmoja akacheka, na mwingine akafuata.

"Bado sijamaliza," mzee alisema. "Baada ya shughuli niliijaribu mashine yenu kwenye banda la majaribio nje ya ukumbi. Mvua yenu ni nzuri, mikono ilihisi imelowa. Lakini nilipoingia ndani ya nyumba, mlango ulifungwa nyuma yangu nisijue. Nikazunguka pale kama kuku aliyekatwa kichwa. Mwenye masikio anasikia mlango ukijibamiza. Mimi padi ilikaa kimya. Mlifanya mvua mkasahau mlango."

Mhandisi alikuwa ameshachukua kalamu. Aliuliza mlango wa ghorofa ipi, mzee akamchorea kwenye upande wa nyuma wa lile gazeti la alama tatu kwa kumi, na kwa muda wa nusu saa wakasahau kama kuna mkutano. Mkalimani alitafsiri huku na huku mpaka mabega yakamuuma. Mwishowe mkurugenzi alisema taarifa itakwenda kwa maneno matatu tu: tulianguka, tunaomba radhi. Meneja alipinga kidogo, kisha akaandika hivyo hivyo.

Nje jua lilikuwa la saa sita. Walitembea mpaka kwenye kivuli cha jengo la posta, ambapo mkalimani alisimama na kumgeukia baba yake ili mikono yake ionekane vizuri.

"Siku ile mwalimu alisema mimi ndiye mtoto pekee darasani anayesikiliza mpaka mwisho wa sentensi," alimwambia. "Alisema hajui nimejifunza wapi. Akasema labda nyumbani. Ndipo watu wakapiga makofi."

Mzee alilitafakari. "Kumbe nilijipigia mwenyewe," mikono yake ilisema.

"Nusu nusu."

Alimfuta bintiye machozi kwa kidole kilichojaa makovu ya misumari, na kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na kazi hiyo, alisema kwa mmoja uliobaki, kwa zile alama zao za nyumbani ambazo hazimo kwenye kitabu chochote, kwamba ana njaa, na kwamba viti vya ofisi ile vimeshonwa na mtu asiyempenda binadamu mwenzake.

Mashine ilitoka miezi saba baadaye. Haikuvunja rekodi, wala haikuwafilisi. Wapimaji waliipa saba, wengine nane, na mmoja alisifia jambo dogo ambalo alisema halijui limetoka wapi: mlango ukifungwa nyuma yako, padi inakugonga kiganjani mara moja, nzito, kama mtu anayegonga sakafu kwa mguu.

Boksi moja lenye mashine hiyo lilifika karakanani bila barua, na mzee akaiunganisha na runinga Jumapili hiyo hiyo. Kinyozi alimfunga mabao matano kwa mawili. Mkalimani alikuwapo, amekaa kwenye kochi ambalo halijavikwa kitambaa, na alipoulizwa na wote wawili lile bao la nne lilikuwa halali au la, alikataa kutoa maoni.