Keekee Mbili na Kilima cha Mawe

Katika milima yote ya Ozark, upande wa Missouri na upande wa Arkansas, hapakuwa na mtu aliyeijua ardhi kama Orleta Stallcup. Akikanyaga tu anakwambia kilichoko futi nne chini, kama ni udongo, kokoto au mwamba. Ila usimuulize habari za mwaka juzi, alipochimba shimo la nguzo kwa ujuzi huohuo akalitoboa bomba lake mwenyewe la maji, jikoni kwake kukakauka siku mbili. Bomba hilo, alisema, lilikuwa limehama.

Orleta alikuwa mjane wa miaka sabini na mitatu, mwenye ng'ombe weusi kumi na wanane na ulimi usiojua kulala. Uzio wa mpaka kati yake na jirani yake, Burl Kissee, ulikuwa umeoza kwa uzee, na ng'ombe wa pande zote mbili walikuwa wakitembeleana bila hodi. Basi mwezi wa kumi wakakubaliana kujenga mpya. Huko uzio haugawanywi kwa kura. Majirani wanasimama katikati ya mpaka, kila mtu kwenye ardhi yake, wanatazamana usoni, na nusu iliyo mkono wako wa kulia ndiyo yako kuijenga.

Orleta alisimama. Burl naye alisimama, tumbo limemtangulia. Kulia kwa Orleta palikuwa na kibonde cha udongo wa mfinyanzi, kisha kilima kitupu cha mawe kinachopanda hadi barabarani. Kulia kwa Burl palikuwa na uwanda wa majani laini unaoteremka hadi kijitoni.

"Pole, Bi Orleta," alisema Burl, midomo imeshindwa kuficha meno. "Kwangu mimi ni keki tupu. Kwako wewe... basi, Mungu ndiye mgawaji."

"Mungu anagawa, Burl. Anayecheka ni wewe."

Kucheka hakukumtosha Burl. Jioni ileile alimpigia simu Neva, binti pekee wa Orleta aliyekuwa akikaa mjini Springfield, akamwambia kwa sauti ya msibani kwamba mama yake atajiua kwa kazi kule kilimani, na kwamba yeye Burl, kwa wema tu, hana roho nyingine, yuko radhi kuyachukua malisho ya mama huyo ili apumzike.

Neva alifika kesho yake kahawa haijachemka. Tangu mama yake ateleze kwenye barafu majira ya baridi yaliyopita, hakuwa na wimbo mwingine.

"Mama, ng'ombe wauzwe. Chumba kipo kwangu."

"Chumba kipi? Kile chenye mashine ya kufulia?"

"Mashine tutaihamisha."

"Ihamisheni mashine. Mimi niacheni hapa."

Wakavutana mpaka mikate ikapoa. Mwisho Neva akapiga meza. "Haya, tuwekeane mkataba wa mdomo. Nusu yako ni nguzo hamsini na mbili. Zisimame zote kufikia Jumamosi saa sita mchana, futi tatu ardhini kila moja, na mimi sitakuuliza tena habari za kuhama mpaka kaburini. Zisiposimama, Jumatatu ng'ombe wanakwenda mnadani, na wewe unakuja kwangu."

"Na waya?"

"Waya hata mimi naweza kufunga. Nataka kuona nguzo."

"Basi zione," Orleta akasema, akachukua kofia.

Kwenye duka la kukodisha mashine alimkuta Lonnie Sisk, kijana mpole wa miaka hamsini, na aliyeegemea kaunta hakuwa mwingine ila Burl, amekuja kununua boliti mbili na kusikiliza mambo ya watu. Tinga dogo, lile la magurudumu manne linalogeuka papo hapo kama mbuzi aliyefungwa kamba, Lonnie alikuwa nalo. Kazi ilikuwa kuchagua keekee, ile skrubu kubwa ya kuchimbia mashimo, ya kufunga mbele yake.

"Chukua hii ya mwamba, Bi Orleta," alisema Lonnie, akiipiga teke ile yenye meno magumu yaliyochongoka kama risasi. "Moja tu imetosha. Kinachotoboa jiwe kitashindwa na udongo?"

"Kitashindwa. Mfinyanzi wenye maji ukiuchimba kwa meno hayo ni kama kunywa supu kwa uma. Utaganda katikati ya meno, nibaki nazungusha donge mpaka Krismasi. Nipe na ile ya udongo, yenye meno bapa."

Burl akajikohoza. "Ya udongo peke yake inatosha. Mimi ninayo moja tu, mwaka wa kumi na mbili huu. Ni kukandamiza, bibi. Ukikandamiza, jiwe litakubali lenyewe."

"Jiwe halina mke wa kuliogopesha, Burl. Halikubali ovyo." Lonnie akageuka ukutani kuficha kicheko. Orleta akaendelea, "Na mota ya kuzizungusha nipe ile nzito, ya polepole. Mwamba hautaki mbio, unataka nguvu. Na meno ya akiba, sita."

"Keekee mbili kwa uzio mmoja!" Burl akasema. "Hata serikali haifanyi fujo hiyo."

"Ndiyo maana barabara ya serikali imebomoka. Lonnie, pakia."

Alhamisi alfajiri alianza na kibonde, kwa keekee ya udongo. Mashimo sita ya kwanza yalikwenda kama maandazi mdomoni. Alipofika la saba, Burl alikuwa ameketi nyuma ya gari lake ng'ambo ya mpaka, anakula mkate na soseji, na Orleta, Mungu amsamehe, akataka kumwonyesha. Badala ya kushuka nusu futi, kuinua na kukung'uta, akaiteremsha keekee moja kwa moja futi tatu. Mfinyanzi ukaikumbata. Keekee ikajikaza ardhini kama kizibuo kwenye chupa, tinga likainama pua chini, injini ikanguruma ikazima.

"Bi Orleta!" Burl akapaza sauti. "Unaifunga dunia skrubu isianguke?"

"Naifunga upande wangu! Wa kwako ukianguka usinililie!"

Lakini akalitazama jua. Shimo moja baya lingeweza kumla siku nzima. Akawasha tena, akaizungusha keekee kinyumenyume, kidogo, akainua kidogo, tena kinyumenyume, tena kidogo, kama anayemvua mtoto buti lililojaa tope. Baada ya saa nzima ilitoka, na donge lililokuwa juu yake lilitosha kujenga jiko. Tangu hapo akawa mpole kwa udongo, naye udongo ukawa mpole kwake. Jua lilipozama nguzo ishirini na moja zilikuwa zimesimama.

Ijumaa akafunga keekee ya mwamba, akapanda kilima. Huko kila jiwe lilikuwa na tabia yake. Lile lililokaa imara lilitobolewa taratibu, likitoa vumbi jeupe. Lile lililolegea lilizunguka pamoja na keekee, likipiga kelele kama sufuria ndani ya sufuria, mpaka Orleta ateremke alichokoe kwa mtaimbo. Alipokandamiza kwa hasira, magurudumu ya mbele yaliinuka na meno mawili yakavunjika. Akateremka, akayagonga yatoke, akapachika mapya, akajisemea kwa sauti, "Uzito si akili, mama. Ungekuwa akili, Burl angekuwa gavana." Tangu hapo akayaacha meno yafanye kazi yake.

Kila shimo alilipima kwa kijiti alichokikata futi tatu. Likipungua hata kidole, anarudi. Nguzo ikisimama, anaishindilia kwa vipande vya mawe yaliyotoka humohumo, safu kwa safu, mpaka mtaimbo uruke mkononi. Mgongo ulimwambia aende kwa Neva. Akauambia nyamaza.

Jumamosi saa sita kasoro robo, nguzo ya hamsini na mbili ilikuwa wima. Neva alifika na futi kamba mfukoni, na Burl, aliyekwisha kuusikia mkataba wao, alikuwa akimsubiri langoni, ameoga.

"Usihesabu tu, Neva," alisema. "Mimi na mama yako ni majirani, sipendi kusema. Lakini hizo za kilimani zimekatwa miguu. Mtu akifika kwenye mwamba anafanya nini? Anakata nguzo, anaipachika futi moja, juu inaonekana sawa na nyingine. Nani atajua?"

"Mbona unaijua vizuri hiyo hila?" Orleta akauliza.

"Nimesikia."

Neva alimtazama mama yake. "Nataka kuamini, Mama. Lakini tulisema futi tatu."

"Ing'oeni mtakayo. Burl, panda wewe kwenye tinga, usije ukasema nimeibembeleza."

Burl hakungoja kuambiwa mara mbili. Akachagua nguzo ya kileleni, pabaya kuliko pote, akaizungushia mnyororo, akaufunga kwenye mkono wa tinga, akavuta. Mnyororo ukakaza. Akaongeza. Tinga likainua makalio, magurudumu ya nyuma yakaelea hewani, na Burl ndani yake akawa anayumba kama mpanda fahali wa maonyesho. Nguzo haikujitikisa hata kwa adabu.

"Ongeza, jirani!" Orleta akamhimiza. "Kandamiza! Itakubali yenyewe!"

Tinga lilipotua kwa kishindo, Neva alikuwa anacheka huku anafuta macho. "Mama, Jumatatu hakuna mnada. Sikuulizi tena."

"Rudia, Burl asikie."

"Sikuulizi tena!"

Burl alishuka akiwa mwekundu. "Tinga hili limechoka. Haling'oi hata karoti. Sasa zangu mimi, zile ndizo nguzo. Arobaini na tisa, futi tatu kila moja, naapa kwa mama yangu aliyelala, na nyingine zimepita. Ukitaka kuona uzio, Neva, njoo uone uzio."

"Twende," Neva akasema.

"Sasa hivi? Si lazima sasa hivi. Kuna tope."

Neva alikuwa ameshateremka. Alipofika karibu na kijito akaikumbatia nguzo moja ya Burl, ili aitikise tu, kwa mzaha. Nguzo ikaja yote, kama jino la mtoto, nusura amwangukie mama yake. Chini ya shimo, kina cha goti, palikuwa na bapa la mwamba mweupe lenye mikwaruzo ya meno bapa, mwamba umelala chini ya ile keki yote. Na nguzo, kitakoni, ilikuwa imekatwa sawa kama meza.

Wote watatu wakaitazama.

"Mchwa," alisema Burl.

"Mchwa?"

"Mwaka huu wamezidi. Wakiingia kwenye nguzo wanakula hivyohivyo, sawasawa."

Neva akaigeuza nguzo kitako juu, akapitisha kidole kwenye mstari mweusi uliobaki ukingoni, ulionyooka kwa rula.

"Na penseli," akauliza, "hao mchwa waliazima kwa nani?"

Mkono wa Burl ukapanda wenyewe hadi nyuma ya sikio, ukaikuta ipo palepale, akaifunika kwa kiganja.