Kadi ya Nahodha

Katika ofisi ya kamusi, kadi isiyo na ushahidi ilikuwa na adhabu yake: aliyeiandika aliwachemshia wenzake chai wiki nzima. Sheria hiyo aliitunga mhariri mkuu, na ndiyo iliyompa jina la Bi Ushahidi. Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kugusa birika.

Siku ambayo kurasa za herufi N zilitakiwa kiwanda cha uchapaji saa kumi, msahihishaji, mzee aliyeitwa Nukta kwa kuwa hakuna iliyompita, aliweka kadi moja mezani kwa Bi Ushahidi.

"Nahodha," alisoma. "Moja, mkuu wa chombo cha baharini. Mbili, kiongozi wa timu. Hapo sina neno. Asili: jina la mtu, baharia wa kale. Ushahidi uko wapi, mama?"

"Kamusi tatu zinasema hivyo."

"Nimezifungua. Zote zimenakili toleo letu la kwanza." Nukta alikohoa kidogo. "Na toleo letu la kwanza limenakili kadi hii. Mwandiko nadhani unaufahamu."

Aliufahamu. Ulikuwa wake, wa wiki ya pili kazini. Chini alikuwa ameandika: kauli ya baharia mstaafu. Hakuandika kwamba baharia huyo ni baba yake.

Alinyanyua simu. Nukta akajitia kuchonga penseli iliyokwisha kuchongeka.

"Baba, ile habari ya mtu aliyeitwa Nahodha uliitoa wapi?"

"Yule aliyekataa kung'oa nanga mpaka mtoto wa mwisho amalize chakula?"

"Huyohuyo."

"Mwanangu, ulikuwa na miaka mitano na unaficha maharage mfukoni. Ningefanyaje?"

"Kwa hiyo ulimtunga."

"Na sahani ukaimaliza. Kwani vipi, mmemwandika?"

"Matoleo mawili."

"Ala. Na jina langu hamkuliweka."

Alikata simu. Angeweza kuiacha kadi ilivyo. Kamusi tatu zingemlinda, na nje ya chumba kile hakuna ambaye angeuliza. Ila angalau watu sita walikwisha kuchemsha chai kwa makosa madogo kuliko hili, na mmoja wao alikuwa amesimama mbele yake na penseli.

Akashusha kamusi ya Kiajemi rafuni. Alipekua kwa nusu saa, kisha akakata mstari wa zamani na kuandika juu yake: Kiajemi, nakhuda, kutokana na maneno mawili, la kwanza chombo cha majini, la pili bwana au mwenyewe. Akaongeza nambari ya ukurasa, akatia sahihi.

Nukta aliisoma mara mbili, akaiweka juu ya kurasa za N, akazifunga kwa kamba.

"Mimi sukari vijiko viwili, mama," alisema akielekea mlangoni. "Wala usikimbie. Tuna wiki nzima."

Bi Ushahidi alivua miwani, akauliza birika linakaa kabati gani.