Kidonge cha Asubuhi

Tangu Kalipa aanze kumeza dawa ya sonona, mdogo wake Zuura alikuwa akimjia ndotoni. Alisimama nje ya kizingiti, nywele zinachuruzika maji, mguu mmoja una buti na mwingine mtupu, akisema kwa upole, "Dada, nifungulie, nasikia baridi."

Zuura alichukuliwa na mto Naryn majira ya theluji kuyeyuka, kabla Kalipa hajaolewa. Habari ya lile buti moja Kalipa hakuwahi kumsimulia mtu, hata mumewe, ambaye sasa alikuwa Urusi akiendesha lori.

Dawa yenyewe ilimsaidia, hilo hakulikana. Alikuwa ameanza tena kuchana nywele, kuwakemea kondoo, kuonja chumvi kwenye supu. Ila kila asubuhi aliamka hoi, mabega yanamuuma. Akaenda kwa daktari mjini.

"Unameza wakati gani?" aliuliza daktari.

"Nikishakula cha jioni."

"Basi huenda ndiyo sababu. Wapo ambao dawa hii huwalegeza, hao nawaambia wameze jioni. Wewe inakuchangamshia ndoto. Leo jioni iache, uanze kesho asubuhi. Na usije ukameza viwili kwa kufidia."

Kidonge kikahamia asubuhi, pamoja na chai ya maziwa na mkate wa malai. Mama mkwe wake, Sayrakan, alimtazama akimeza.

"Enzi zetu dawa ya huzuni ilikuwa kukamua ng'ombe."

"Ilikuwa inaponya, Mama?"

"Wapi. Ila maziwa yalipatikana."

Haukupita muda, Zuura akaacha kuja. Kalipa alilala fofofo, na alipoamka aliona haya kidogo kwa kulala vizuri namna ile.

Kisha asubuhi moja Sayrakan aliketi bila kugusa chai.

"Mwanangu, yule msichana ni nani?"

"Msichana gani?"

"Ananijia usingizini. Amelowa chapachapa, buti mguu mmoja tu. Anasema dada yake hasikii tena, eti nimfungulie mimi."

Kalipa aliweka kikombe chini polepole. Picha ya Zuura haikuwahi kuwepo katika nyumba ile.

"Ni mdogo wangu," alisema. "Nitarudi kumeza jioni. Aje kwangu, asikusumbue wewe."

Sayrakan aliinuka. Alinawa mikono, akakanda unga, akabandika karai la mafuta. Ilikuwa Alhamisi, siku ya kukaangia marehemu maandazi ili harufu iwafikie. Mlango aliuacha wazi, baridi ikaingia, moshi wa mafuta ukatoka. Alisoma dua, akalitaja jina la Zuura, kisha wakala wawili wao. Kalipa aliangalia ubao wa kizingiti. Ulikuwa mkavu. Baadaye akauangalia tena.

Asubuhi iliyofuata hakumeza, akingoja jioni. Sayrakan alitoka chumbani amejifunga shali, akaketi mkabala naye.

"Alikuja?" Kalipa aliuliza.

"Alikuja. Nikamfungulia."

"Akaingia ndani?"

"Akaingia. Kaketi karibu na jiko, kaanika nywele zake. Hakusema kitu." Sayrakan akaisukuma pakiti ya dawa upande wa Kalipa. "Haya, meza. Asubuhi ni yako. Mimi usingizi wangu mwepesi, na toka mwanangu aende Urusi sina wa kukaa naye usiku."

"Huogopi, Mama?"

"Naogopa. Lakini ni mtoto, na amelowa. Ningemwambia arudi wapi?"

Kalipa alimeza kwa chai iliyokwisha kupoa. Toka siku hiyo hakubadilisha tena wakati, na majira ya kuchipua yalipofika alikuwa anaimba akisuka zulia, jambo ambalo jirani walilisikia na kulisema.

Kila jioni, kabla ya kulala, Sayrakan huweka mto wa kukalia karibu na jiko. Kalipa haulizi kitu. Asubuhi huuokota akauanike juani, kwa kuwa mara nyingine anaukuta una unyevu.