Ziara ya Tembo Shambani kwa Kina Semeni

Usiku wa jana niliota nimesimama kwenye lango la hifadhi, gwanda limepigwa pasi, nasubiri wanafunzi. Hilo peke yake si ajabu. Ndiyo kazi yangu, mwaka wa tisa sasa. Shule zinakuja, nawapokea watoto, nawasomea sheria zilizo kwenye bango, nawazungusha, nawapa soda, wanarudi kwao.

Basi likafika. Wakashuka tembo kumi na wanne.

Walikuwa na sare, mashati meupe na kaptula za bluu, wamepanga mistari miwili na kushikana mikonga, kila mmoja na mwenzake, kama tunavyowataka watoto washikane mikono. Mwalimu Mkude wa shule ya kijijini akashuka nyuma yao na daftari la mahudhurio, akasema wote wapo isipokuwa mmoja mwenye mafua. Nikatia saini. Sikushangaa hata kidogo.

"Shikamoo, afande," wakasema kwa pamoja.

Wa mbele alikuwa jike mwenye pembe moja, aliyenizidi umri kwa mbali. Ilinipasa mimi kumwamkia. Lakini nilikuwa ndani ya gwanda, nikaitikia marahaba.

Nikaligeukia bango nianze kusoma. Bango likakohoa.

"Ngonyani," likasema, "yule mtoto wa jana alikuuliza swali. Ulimjibu?"

Hapa niseme ukweli, maana hili si la ndotoni. Jana mchana nilikuwa na darasa la tano. Msichana mmoja, Semeni, alikuwa anasinzia tangu aliposhuka kwenye basi, nikamwona mvivu. Nilipokuwa nasoma sheria akanyoosha mkono. "Afande, sisi mnatufundisha tusiingie kwa tembo. Tembo mnawafundisha lini wasiingie kwetu?" Wenzake wakacheka. Mimi nikajibu ninavyojibu siku zote, kwamba maswali ni mwisho. Mwisho ulipofika dereva alikuwa anapiga honi.

Mwalimu Mkude alinivuta pembeni kabla hawajaondoka. Akanieleza kwamba Semeni na bibi yake hulala juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, wanagonga madebe mpaka kunapambazuka. Mwaka jana tembo walikula mahindi karibu yote. Wakila na ya mwaka huu, bibi amesema, Semeni ataacha shule. Nikasema pole, nikaenda kula.

"Bado sijamjibu," nikaliambia bango.

"Basi wanafunzi ndio hao. Miaka tisa unanisoma kwa watu tu."

Likang'oka na nguzo zake, likatangulia. Nikafungua geti tuingie hifadhini, tukatokea shambani kwa bibi yake Semeni.

Jua ni la saa tano. Mahindi yamefika kifuani kwangu na yamebeba vizuri. Semeni yuko juu ya dungu, amevaa kofia kama yangu, na yeye hasinzii. Bibi yake amekaa chini ya dungu na debe mapajani, anatutazama. Debe ndilo linalosema. Linasema limechoka kupigwa kwa makosa ya watu wengine.

Semeni anawakaribisha tembo. Anawaambia hapa hairuhusiwi kugusa, wala kuonja, wala kutoka nje ya njia, na atakayeingia mikono mitupu atatoka mikono mitupu. Tembo wanaingia kwenye matuta. Wanaweka mguu mmoja mbele ya mwingine na kubana matumbo. Hakuna bua hata moja linalovunjika. Mimi nimefundisha watoto elfu na ushei na sijawahi kuona darasa tulivu namna hii.

Ndama mmoja akanyoosha mkonga. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe useme maswali mwisho. Semeni akawahi.

"Uliza."

"Haya yote ni ya nani?"

"Ni ya bibi yangu. Ndiyo yananifanya niende shule."

Tembo wakasimama. Yule jike mwenye pembe moja akayaangalia mahindi kwa muda mrefu, tuta kwa tuta.

"Hatukuambiwa," akasema. "Miaka yote tulidhani yameota tu."

Wote wakageuka kunitazama. Tembo, bibi, debe, hata Mwalimu Mkude na daftari lake. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona nikiwa macho.

Ziara ikaisha. Semeni akashuka kwenye dungu kuwakagua getini, mkonga kwa mkonga. Wote wasafi. Nikapumua.

"Amebaki mmoja," bango likasema.

Semeni akasimama mbele yangu, akaelekeza kidole kwenye mfuko wa gwanda. Mfuko ulikuwa umetuna. Sisi askari wa hifadhi tukipita kwenye mashamba tukienda doria huchuma hindi moja la kuchoma kambini. Moja tu. Hakuna anayeuita wizi, na mwenye shamba hasemi kitu kwa sababu tuna bunduki. Sikukumbuka kulichuma. Mkono ulikuwa umejichumia wenyewe, kwa mazoea.

"Afande," Semeni akasema kwa sauti ya chini, "wewe nani alikufundisha?"

Akaanza kufungua kifungo. Nikaamka.

Ilikuwa asubuhi. Gwanda lilikuwa kwenye msumari nilipolitundika jana, na mfuko ulikuwa umetuna. Wiki tatu sijaenda doria. Nikafungua kifungo. Ndani mna hindi bichi, ndevu zake bado zina umande.

Naandika haya nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya Mwalimu Mkude. Sikupitia langoni leo. Hindi nimelishika mkononi, wazi, kila anayepita analiona. Jibu la swali lake la tembo bado sina, na naogopa. Lakini Semeni ameshaitwa, nasikia kandambili zake zinakuja.