Kiatu Kilichokaliwa

Mzee Bashasha, fundi viatu wetu, hakuwa na saa, hakuwa na cheti cha shule, hakuwa na kibali cha kibanda chake, wala hakuwa na haya. Tumemzika Jumanne. Ijumaa manispaa inabomoa kibanda, isipokuwa tukiieleza vizuri kwa barua kwa nini mjane wake aachiwe aendelee kushona.

Barua nimeachiwa mimi, niliyesoma shule ya usiku nikiwa na miaka hamsini. Niliwauliza majirani mambo mawili tu: alizaliwa lini, na alikuwa na cheo gani?

“Andika aliniita mchumba mpaka meno yakaniisha,” akasema bibi muuza mkaa.

“Bibi, hii ni barua ya serikali!”

“Basi, nayo serikali ijue.”

Jirani mshona nguo akadakia, “Andika alikuwa akishona kiatu kimoja, cha pili anakikalia, ili usiondoke kabla hujapiga soga.”

“Nimeuliza tarehe, jamani!”

Mjane akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. “Shemeji, mchezo huo ulianza na wewe. Ulipofiwa na mkeo ulikuwa husemi na mtu. Kiatu chako alikimaliza asubuhi, akakikalia mpaka jioni, mpaka ukasema.”

Miaka kumi na miwili nimemtangaza kuwa fundi mzembe! Mtu keshakufa, bado ananiharibia barua. Nilichana ukurasa niliokuwa nimeuanza kwa taadhima zote, nikaandika habari za kiatu changu, nikafunga bahasha na kuipeleka manispaa mwenyewe.